Waya wa Dalmiro katika Shamba la Pintos

Shemeji yangu Dalmiro Arrospide ana kazi mbili, moja inamlisha na nyingine inamla. Inayomlisha ni kutengeneza pampu za visima na mashine za kunyolea kondoo, na kwa hiyo hakuna mfugaji kati ya hapa Paso de los Teros na Tacuarembó mjini asiyemjua. Inayomla ni redio. Si redio ya kusikilizia mpira, hapana. Ni redio ya kuzungumza na watu wa mbali, ile ambayo mtu anafanyia mtihani, anapewa leseni, halafu anajaza ua mzima nyaya hadi mke akose pa kuanika nguo.

Mke huyo alikuwa dada yangu Olga. Alipougua nilikuja kumuuguza, akafariki, nikabaki kupika. Watu walisema la kusema, wakachoka. Chumba changu kimepakana na cha redio na ukuta wenyewe ni mbao, kwa hiyo mambo ya redio nayajua kuliko nilivyotaka kuyajua. Sikuyasomea. Yameniingia tu, kama moshi unavyoingia kwenye sweta.

Dalmiro ni mtu wa bendi za chini. Kwa walivyonieleza, mawimbi ya bendi hizo ni marefu na hayalipendi jua. Yanasafiri mbali gizani tu. Japani iko chini ya miguu yetu, upande wa pili kabisa wa dunia, kwa hiyo jua likitaka kuchomoza huku, kule ndiyo kwanza limezama. Kwa muda mfupi, mfupi kuliko wa kupika chungu cha uji, ncha zote mbili ziko gizani, na mtu wa hapa anaweza kumsikia mtu wa kule. Jua likitokeza juu ya mikaratusi, basi tena.

Mtu wa kule aliitwa Tsune. Alikuwa mzee wa kisiwa kimoja karibu na Nagasaki. Dalmiro hajui neno la Kijapani, Tsune hakujua neno la Kihispania, na miaka yote hiyo hawakuwahi kusikiana sauti. Walizungumza kwa Morse, ile ya nukta na mistari, kwa vifupisho ambavyo wenye redio wote duniani wanavijua. Ukisikiliza kutoka chumbani kwangu ni ti-taa-ti tu, lakini Dalmiro aliujua mkono wa Tsune kati ya mikono mia. Alikuwa anauvuta mstari wa mwisho wa kila neno, kidogo tu, kama mtu anayesita kuaga.

Walikutana kila Jumapili alfajiri. Jina, hali ya hewa, afya, samaki wamepatikana au hawakupatikana. Mwishoni kuna adabu yao. Mmoja anapiga nukta mbili, ti-ti, na mwenzake anamrudishia ti-ti. Hazina maana yoyote, ila asiyerudishiwa hukaa pale akingoja na roho yake haitulii.

Olga alipofariki, Dalmiro alikwenda Jumapili ile akapiga maneno mawili tu, mke amefariki. Tsune akapiga kwamba amepata, na kwamba kesho saa zilezile atakuwepo. Kesho yake alikuwepo, na keshokutwa yake, na msimu wote wa baridi, kila siku alfajiri. Walizungumza habari za mvua. Mimi ndiye niliyekuwa nalala upande wa pili wa mbao, na nawaambia kwamba kama si ile ti-taa-ti ya Mjapani nisiyemjua, shemeji yangu asingekuwa anaamka kitandani. Kwa hiyo mkinisikia nawacheka wenye redio, mjue kuna mmoja ambaye simcheki.

Sasa niwaambie ugonjwa wao. Wanapokutana hewani kila mmoja humpa mwenzake alama ya jinsi anavyomsikia. Ya juu kabisa ni tano-tisa-tisa, maana yake nakusikia kama umekaa jikoni kwangu. Na watu hawa, kwa heshima au kwa uvivu, humpa kila mtu tano-tisa-tisa. Nimemsikia Dalmiro kwa masikio yangu akimwambia mtu wa Kanada tano-tisa-tisa, halafu papo hapo anamuuliza, jina lako nani, rudia, rudia, sikupata. Nikamwambia, "Shemeji, huo si uongo?"

"Ni adabu," akasema.

"Adabu ya kumwambia mtu unamsikia na humsikii?"

"Nibia, koroga uji wako."

Ila yeye na Tsune hawakufanyiana hivyo. Wao waliambiana ukweli. Leo unasikika vibaya, leo afadhali, leo nimekukosa nusu. Dalmiro alijivunia jambo hilo kuliko kadi zote alizotumiwa na wenye redio wa nchi za mbali, alizobandika ukutani.

Kisha jirani yetu Gumersindo Pintos akaweka uzio wa umeme.

Inafaa mjue kwamba Dalmiro na Pintos walikuwa hawasemezani tangu habari ya kondoo dume. Zamani Dalmiro alilaza waya mrefu wa kusikilizia chini chini kando ya mpaka, ukavuka kidogo upande wa Pintos. Kondoo dume wa Pintos, yule wa kwenda kwenye maonyesho, akaunasa kwa pembe, akakimbia nao hadi mtoni, akatoka huko na pembe moja. Pintos alikata waya vipande akafungia malango. Tangu siku hiyo, akiharibikiwa pampu, alimtuma mke wake aje kumwita fundi, na fundi alifanya kazi bila kuinua macho.

Uzio wa umeme unapiga mkupuo mmoja kila baada ya sekunde moja hivi. Kwenye redio ya bendi za chini unasikika tak, tak, tak, mchana kutwa na usiku kucha. Mimi nilidhani ni saa imeharibika. Dalmiro hakusema lolote. Jumapili aliingia chumbani, nikamsikia anagonga kigongeo chake cha Morse, akatoka ameshika kibuyu cha yerba, majani yetu ya kunywa kwa mrija kama chai, uso wa kawaida.

"Tsune hajambo?" nikauliza.

"Hajambo."

Miaka miwili alinijibu hivyo, nami nikaamini.

Ukweli aliuleta Evaristo. Huyu ni Mchile, mlinzi wa shamba la kondoo kule Aysén kusini, mtu asiye na jirani wala nguzo ya umeme machoni pake. Yeye na Dalmiro huzungumza kwa sauti Jumamosi mchana, kwenye spika, nami huwa nawasikia nikimenya viazi. Siku hiyo mwanzoni mwa mwezi wa sita alianza hivi:

"Dalmiro, kaka, sijui nikupe pole au hongera."

"Ya nini tena?"

"Si ya mzee wako wa Japani? Nilikuwa nasikiliza Jumapili. Huku kwetu kimya, nasikia hadi siafu wakipiga miayo. Kaka, yule mzee si alifunguka! Nimekaa nimeshika kikombe, chai imepoa."

 Nikaacha kumenya.

"Kusema kweli nimemwonea huruma," Evaristo akaendelea. "Eti mwanawe anampeleka mjini, nyumba ya wazee, ghorofani, hakuna hata pa kutundika kamba ya nguo. Redio basi. Akasema Jumapili ya mwisho ya mwezi huu ndiyo yake ya mwisho, na anataka mtu wa mwisho kuzungumza naye uwe wewe, halafu azime. Akakuuliza, utakuwepo? Nawe ukamjibu."

"Nilimjibu nini?"

"Sasa mimi ndiye nikwambie wewe ulichojibu?"

"Evaristo. Nilimjibu nini?"

Spika ikakoroma kidogo.

"Ulimjibu, yote nimepata, tano-tisa-tisa, asante, hapa baridi."

Dalmiro alikaa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Kaka," Evaristo akasema taratibu, "hukumsikia?"

"Sikumsikia."

"Tangu lini?"

"Najua saa zake. Najua anapoanza na anapomaliza. Katikati nasikia uzio wa Pintos."

"Mungu wangu. Basi ngoja, nitakaa katikati. Akisema nakupigia wewe, ukisema nampigia yeye. Nimweleze?"

"Usimguse!" Dalmiro akafoka, sijawahi kumsikia anafoka kwenye redio. Kisha akashusha sauti. "Nisamehe. Usimwambie kitu. Nitamsikia mwenyewe, na nitamwambia mwenyewe."

Alipozima nilimkalia kooni. Nilimwambia, huyo ndiye mtu aliyekaa nawe msimu mzima ulipofiwa, leo anaaga na wewe unamwambia hapa baridi. Nilimwambia amwandikie barua basi, anwani si iko kwenye kadi. Akaniuliza, "Nimwandikie kwa lugha gani, shemeji? Na ifike lini?" Hakuishia hapo. Alisema, "Kila Jumapili nilidhani ijayo itakuwa afadhali."

Jumapili iliyofuata aliketi, akasikiliza, hakugonga. Alisema hatajibu tena kitu ambacho hakukisikia. Evaristo alimwambia baadaye kwamba ni ajabu, Tsune alimuaga vizuri kabisa siku hiyo na kumpa tano-tisa-tisa kana kwamba wamezungumza. Dalmiro akasema huenda alimsikia mtu mwingine akadhani ni yeye.

Jumatatu alichukua redio ndogo ya mkononi tukaenda kutembea kando ya uzio. Nasema tukaenda kwa sababu alihitaji mtu wa kushika redio wakati yeye anachungulia, na kwa sababu sikumwamini kwenda peke yake mahali Pintos anapofugia mbwa. Ukikaribia pahali umeme unapovuja, tak inanenepa. Ukipita, inakonda. Tulikuta vile vikombe vya plastiki vinavyoushika waya usiguse nguzo, vingine vimepasuka. Tulikuta nyasi ndefu zimeegemea waya. Pahali pamoja kulikuwa na cheche ya buluu inarukia msumari, na ukitega sikio unaisikia hata bila redio.

Pintos alitujia kwa farasi, mbwa wawili mbele.

"Dada Nibia, hujambo," akasema. Alijifanya hamwoni Dalmiro. "Nawaona mnapima ukubwa wa shamba langu. Kuna mtu anataka kuninunua?"

"Uzio wako unavuja," Dalmiro akasema, akiiangalia nguzo.

"Mwambie shemeji yako kwamba uzio wangu uko salama. Ng'ombe hawatoki."

"Ng'ombe wake hawatoki kwa sababu walipigwa zamani wakaogopa. Hawajaujaribu siku hizi."

"Mnaweza kusemezana," nikasema, "mimi si posta."

Pintos akashuka. Ni mtu mwenye kiburi na tumbo lake, na siku hiyo alitaka kunionyesha mimi kwamba Dalmiro hajui kitu. Akatembea hadi mwisho kabisa wa uzio, upande wa kilima cha mawe, akavua glavu.

"Nikishika hapa, nikaruka, mtaniomba radhi wote wawili?"

"Tutaomba," Dalmiro akasema.

Akaushika waya kwa mkono mzima, akafumba macho. Tukangoja. Akafumbua jicho moja. Mbwa wake mmoja akakaa chini.

"Umezimwa," akasema.

"Haujazimwa. Umeme wako wote unaishia kwenye nyasi huku nyuma. Huku mwisho hakuna kitu. Dume lako la ng'ombe likigundua hilo, kesho utalikuta kwenye mtama wa watu."

Pintos aliendelea kuushika waya, anautikisa, hasira zimempanda, si kwa Dalmiro, kwa waya wenyewe. Halafu akauliza, bila kumwangalia, "Unaweza kutengenezeka?"

"Naweza kuutengeneza. Nami nina ombi."

"Nilijua."

"Nataka kupitisha waya mmoja katika shamba lako, kutoka nyumbani kwangu kuelekea magharibi hadi hapa kilimani. Juu ya nguzo, juu ya pembe za ng'ombe, si chini tena. Mwisho wa mwezi ukipita, ukitaka nitautoa."

"Wa nini?"

Dalmiro akaanza kueleza mambo ya bendi, nikaona Pintos macho yanamtoka. Nikamsukuma shemeji yangu pembeni. Nikasema, "Mzee Pintos, unakumbuka mwaka aliofariki Olga? Kuna mtu alikuwa anamsalimia huyu kila alfajiri. Mtu huyo anaondoka, na huyu hamsikii kwa ajili ya uzio wako."

Pintos alivaa glavu yake kidole kimoja kimoja. Alimpenda Olga, kila mtu alimpenda Olga. "Japani, siyo?" akasema. "Iko wapi hiyo?"

"Chini hapo unaposimama," Dalmiro akasema.

"Basi si uchimbe kisima tu, umwite kwa mdomo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yao. Sikupata nyingine bora.

Walifanya kazi ya uzio siku nzima ya Jumatano, na Alhamisi ikanyesha, nikakaanga mikate kama ilivyo desturi ya siku ya mvua, na Pintos akala jikoni kwetu kwa mara ya kwanza tangu kondoo dume. Aliketi palepale alipokuwa akiketi zamani. Ijumaa walipomaliza akaenda tena mwisho wa uzio, akavua tena glavu. Nilimwambia aache. Akasema mwanamume hujaribu mali yake. Akaushika. Sitaandika alichosema, ila mbwa wote wawili walikimbia, na Dalmiro alicheka hadi akainama, na nilitambua kwamba nilikuwa nimekisahau kicheko chake.

Waya sasa. Mvua ilirudi ikala Jumapili mbili nyingine, hivyo ilibaki moja tu, ile yenyewe. Pintos, ambaye kwa sasa alikuwa mtaalamu, alishauri waya upite bondeni. "Huku juu ni mawe matupu," akasema. "Kule chini udongo mweusi, una unyevu, kila kitu kinaota."

"Kila kitu isipokuwa hiki," Dalmiro akajibu. "Antena ya kupeleka sauti ndiyo inataka udongo mzuri. Hii ya kusikilizia inataka udongo mbaya. Mawimbi yakipita juu ya mawe yanainama kidogo, yanauegemea waya. Bondeni hayainami."

"Kwa hiyo unataka ardhi isiyofaa kitu?"

"Isiyofaa kitu kabisa."

"Basi leo umepata tajiri wa kukupa," Pintos akasema, akakionyesha kilima chake.

Waliuvuta waya, mita mia mbili hivi, juu ya vigingi vya mkaratusi, mtu akinyoosha mkono anaugusa. Mwisho wa kilimani Dalmiro aliufunga kwenye kifaa kidogo mfano wa kidonge, na kutoka kidonge hadi chuma kilichopigiliwa kati ya mawe. Aliniambia bila kidonge hicho waya unasikia mbele na nyuma, na nyuma yetu ndiko mjini, ndiko kwenye makelele yote. Kikiwepo, unasikia mbele tu, magharibi, ambako usiku unakuwa bado haujaisha.

Jumamosi jioni aliujaribu. Mimi nilisimama mlangoni. Kwanza alisikiliza kwa antena kubwa ya uani, redio ikavuma chumba kizima. Kisha akageuza swichi kwenda kwenye waya mpya. Kimya. Sindano ya redio ikaanguka kama mtu aliyezimia.

"Umeharibika," nikasema. Nilikuwa karibu kulia, nawaambia kweli.

"Njoo," akasema, akanivika hedifoni.

Kulikuwa na kimya, na ndani ya kimya, mbali sana, mtu anapiga ti-ti-taa. Akageuza swichi, mvumo ukarudi, mtu akapotea. Akairudisha, mtu yupo. Alikuwa mdogo, lakini alikuwa peke yake.

"Kubwa inasikia kila kitu kwa nguvu," Dalmiro akasema. "Hii inasikia kidogo. Lakini inachokisikia ndicho."

Jumapili kulikuwa na baridi ya kupasua midomo, nyasi nyeupe hadi mtoni. Niliwasha jiko, nikajaza maji ya yerba kwenye chupa, nikaketi kwenye kiti cha Olga. Dalmiro aliweka spika badala ya hedifoni. Alisema nami nimfahamu Tsune kabla hajaondoka. Tak ya uzio haikuwepo kabisa, wala ile ndogo iliyobaki baada ya matengenezo. Hatukuwa na wakati wa kujiuliza kwa nini.

Tsune alikuja hewani kabla ya kupambazuka vizuri. Mkono ulikuwa umezeeka, hata mimi niliutambua, lakini mstari wa mwisho ulivutwa vilevile. Dalmiro alikuwa ananitafsiria kwa kunong'ona, herufi kwa herufi. Asubuhi njema rafiki. Leo ya mwisho. Mwanangu anangoja nje na gari. Kiti changu tu ndicho hakijapakiwa. Asante kwa miaka yote. Asante kwa mwaka wa mke wako, nami nilikuwa nimefiwa na wangu mwaka huohuo, sikukuambia.

Dalmiro alikoma kunong'ona hapo. Akashika kigongeo, akaanza kugonga polepole, kila neno mara mbili. Aliniambia baadaye alichosema. Alisema, leo unasikika dhaifu lakini nakupata yote. Alisema, miaka miwili sikukupata kitu, nilikudanganya, nisamehe. Alisema, sikujua habari ya mke wako. Alimuuliza, mke wako aliitwa nani?

Akaachia. Tukangoja. Madirisha yalikuwa yameanza kuwa ya kijivu.

Mkono wa Tsune ukarudi, wa uchangamfu. Dalmiro alinitafsiria, na sauti yake ilikuwa inapungua kadiri alivyoendelea.

"Yote nimepata. Tano-tisa-tisa. Asante rafiki. Hapa joto, mvua nyingi."

Nilimtazama. Ilinichukua muda kuelewa, nami si mjinga.

"Hakusikii," nikasema.

"Hanisikii."

"Tangu lini?"

"Nitajuaje?" Alianza kucheka, na machozi yanamtoka hapohapo, vyote pamoja, akajifuta kwa mkono wa sweta. "Zile Jumapili nilizonyamaza aliniaga vizuri. Anazijua saa zangu, Nibia. Anajua ninapoanza na ninapomaliza."

Wote wawili, basi. Wazee wawili wazima, mmoja huku na mmoja chini ya miguu yake, kila Jumapili wanapelekeana adabu juu ya kelele, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema sikusikii. Niliona hasira, na niliona huruma, na zote zilikuwa na nafasi.

Jua lilikuwa karibu. Dalmiro hakurudia maungamo yake. Aligonga jina la Tsune, polepole sana, halafu lake, halafu la Tsune tena, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha akapiga nukta mbili.

Ti-ti.

Hakikuja kitu. Kwenye spika kulikuwa na kile kimya kisafi cha waya wa kilimani. Mwanga wa kwanza ukagusa ncha za mikaratusi. Dalmiro akanyoosha mgongo, akazipiga tena, safari hii nzito, kila moja peke yake.

Tulingoja hadi nikafikiri mzee amekwisha kubeba kiti chake. Halafu zikaja, mbali, dhaifu mno, na kati ya ya kwanza na ya pili alisita kidogo.

Ti. Ti.

Kuna watakaosema alizipiga kwa mazoea, kama alivyopiga mengine. Mimi nilikuwepo. Mtu wa mazoea hangoji.

Jua likatoka. Tulipofungua mlango tulimkuta Pintos amesimama uwanjani kwake juu ya farasi, blanketi mabegani, ndevu zina barafu, mbwa wakimzungushia ng'ombe kwenye kona. Alikuwa ameuzima uzio mzima tangu alfajiri na kuwalinda ng'ombe mwenyewe. Nilimpelekea yerba hadi kwenye uzio. Vidole vilimkataa kushika kibuyu, nikamshikia.

"Umemsikia?" akamuuliza Dalmiro moja kwa moja.

"Nimemsikia yote."

"Na yeye amekusikia?"

Dalmiro aliuangalia waya ulivyonyooka kwenda kilimani, na umande wa barafu ukiuyeyukia.

"Nukta mbili," akasema.

Pintos alinyonya mrija hadi yerba ikaguguma. "Nitauwasha uzio sasa," akasema. "Waya uache, haunisumbui."

Waya upo hadi leo. Jumapili Dalmiro bado anaamka, anasikiliza pale alipokuwa Tsune, anasema panasikika vizuri sana, hakuna mtu. Na ukimwita hewani siku hizi hakupi tano-tisa-tisa. Atakuambia sikusikii, rudia. Wapo waliokasirika.